Ufuta Wangu, Malalamiko Yao

Kabla sijaeleza yaliyoupata ufuta wangu, niseme mapema kwamba sijutii. Nimeulizwa kisimani, nimeulizwa kwenye mashine ya kusaga, nimeulizwa hata msibani, mahali ambapo watu wangepaswa kuwa na mambo mengine ya kuzungumza: hivi kweli hujutii? Sijutii. Anayesoma haya akitegemea kufika mahali nitakapoomba radhi, asijisumbue.

Kijiji chetu kiko upande wa Kiegei, wilayani Nachingwea. Mimi ni mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba alitangulia, mama akafuata nikiwa kidato cha pili, wakati wa palizi. Siku ya tatu ya matanga ndugu walikaa wakatugawa. Mdogo wangu wa kiume angekwenda kwa baba mdogo Mkotokuyana. Kitinda mimba wetu, aliyekuwa bado hajaanza shule, angekwenda kwa ndugu za mama kule Chunyu, wilaya ya Ruangwa. Mimi ningeolewa, ingawa muoaji hakutajwa. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake, nikasema hatugawanywi. Shangazi akanifinya paja. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Baba mdogo akauliza, "Mtakula nini?"

"Tutalima."

Akacheka, na waombolezaji wakacheka naye, maana nilikuwa bado nimevaa sketi ya shule. Jumatatu iliyofuata sikwenda darasani. Sketi ile niliivaa shambani mpaka ikaisha.

Tulikaa watatu. Tumelala na njaa, tumeugua, tumegombana, lakini tumekaa watatu. Mdogo wangu wa kiume sasa yuko sekondari ya bweni, Ruangwa. Kitinda mimba yuko darasa la tano hapa hapa kijijini. Sisemi haya ili nisifiwe. Nayasema kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niwe mtu asiyependa kuona jina la mtoto likifutwa kwenye orodha yoyote.

Orodha ninayoizungumzia ni ya darasa la jioni. Shule ya msingi hapa inatoka saa nane mchana. Wazazi wako mashambani mpaka jua linapoinama, na katikati ya saa hizo watoto walikuwa mali ya barabara. Walirushia mawe bodaboda, waliingia mabanda ya watu, na wakati wa korosho waliiba mabibo na kurudi nyumbani matumbo yakiwauma. Parokia ilikuwa na ukumbi wa zamani uliojaa viti vilivyovunjika. Shule ilikuwa na maboksi ya vitabu yasiyo na rafu. Serikali ya kijiji ilikuwa na pipa la maji na watu wa kuchanja kuni. Katekista, mzee mpole anayetunza ukumbi, ndiye aliyewaita wote wakae pamoja. Siku hizi kila mtu ni mdau. Wadau wakaunda kamati, wakakubaliana: parokia itatoa ukumbi, shule itatoa vitabu na chaki, kijiji kitatoa maji na kuni, wakulima watatoa unga wa uji, na wafugaji watatoa maziwa ya kutia kwenye uji huo.

Wafugaji walikuwa wageni. Walishuka na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa, wakapewa eneo ng'ambo ya bwawa. Huku kwetu mwenye ng'ombe yeyote huitwa Mmang'ati. Hawa walikuwa Wasukuma na walituambia hivyo, wakatuambia tena, na sisi tukaendelea kuwaita Wamang'ati kana kwamba wao ndio hawajui kabila lao.

Walitakiwa pia watu wa kukaa na watoto. Walimu wa shule walikuwa wachache, na wamechoka. Kamati ikaomba walezi wa kujitolea, hasa mmoja wa kukaa na wale wa darasa la tatu na la nne waliokuwa bado hawajui kusoma. Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti wa kamati ni mwalimu mstaafu, ndiye aliyenifundisha darasa la tano. Akaniangalia juu ya miwani yake.

"Wewe uliishia la ngapi?"

"Kidato cha pili, na mwalimu unajua."

"Najua. Nilitaka na wengine wajue."

Wakajua. Nikapewa kikundi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekitaka.

Mwenyekiti huyu ni mtu wa maandishi. Hakuna kikao kinachokwisha kabla hajaandika kanuni. Mwaka wa kwanza wa darasa letu, mbuzi wa mdau mmoja walikula mihogo ya mdau mwingine. Watu watatu wasiohusika wakaleta malalamiko makali kwenye kamati, kikao kikakaa mpaka jua likazama, kisha ikagundulika kwamba mwenye mihogo na mwenye mbuzi walikwishapatana siku nyingi, na mbuzi mmoja walikwishamla pamoja. Mwenyekiti aliona aibu. Akafungua daftari kubwa na kuandika kanuni mbili, akatusomea. Ya kwanza: mdau atakayemdhuru mdau mwenzake, watoto wake watasimamishwa darasani mpaka aliyedhuriwa aridhike. Ya pili: malalamiko yatapokelewa kutoka kwa aliyedhuriwa mwenyewe tu, kwa sahihi yake au dole gumba. Tukapiga makofi, tukanywa uji.

Katika kikundi changu alikuwemo binti wa mfugaji mmoja, wa darasa la nne. Jina lake liliandikwa, lakini mwenyewe alionekana kwa nadra. Alipokuja alinishangaza. Alisimama akasoma ukurasa mzima bila kukwama, kwa sauti nzuri, ila kidole chake kilikuwa mstari wa pili wakati mdomo ulikuwa wa tano. Alikuwa ameyakariri yote kwa kuwasikia wenzake. Akili ya kukariri kitabu kizima alikuwa nayo. Muda wa kujifunza kukisoma hakupewa. Shule ikitoka alikimbia nyumbani, kwa sababu saa tisa ng'ombe wanakwenda majini.

Nikaenda kwao. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kigoda anasuka kamba.

"Mwadila," akanisalimia.

Sikujua kuitika. Nikasema, "Shikamoo, baba. Nimekuja kwa ajili ya binti yako. Nimwombe saa za jioni."

"Saa hizo ng'ombe wanakunywa. Ng'ombe hawajui darasa."

Nikarudi nyumbani. Wiki iliyofuata nikaenda tena. Safari hii akasema, "Basi njoo wewe uchunge, yeye akasome."

"Naja. Nianze kesho?"

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Wewe? Ng'ombe watakuchunga wewe!"

Mara ya tatu mkewe alinipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akakaa karibu, akamwambia mumewe maneno kwa Kisukuma, machache na bila kumtazama. Yule baba akakuna kichwa. "Siku tatu kwa wiki," akasema. "Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Na akishindwa kusoma mpaka krismasi, narudisha mchungaji wangu."

Sasa niseme jambo ambalo kamati haikulijua, na mimi nililijua. Njia ya ng'ombe kwenda bwawani inapita kando ya shamba letu, lile la baba na mama. Kuna mahali inakata kona, na pale kwenye kona ng'ombe hutamani kunyooka moja kwa moja waingie shambani. Kazi ya binti yule ilikuwa kusimama pale na fimbo. Baba yake aliswaga kutoka nyuma, yeye aliwageuza mbele. Nilimwona kila siku akiwa amesimama pale. Nilipomwomba, nilikuwa naomba aondoke kwenye kona ya shamba langu mwenyewe. Nilifikiri juu ya hilo njia nzima ya kurudi nyumbani, na kibuyu mkononi. Nikaamua kwamba kona itajitunza.

Watu wasiolima ufuta wanahitaji kuelezwa jambo moja. Ufuta haungojwi ukauke wote shambani. Unakatwa ukiwa na ukijani, unafungwa matita, na matita yanasimamishwa wima yakiegemezana, vichwa juu, yakauke. Yakishakauka, maganda yanafunguka kwa juu kama midomo, na mbegu zinakaa mle ndani zikingoja. Hapo ndipo unapotandika turubai, unalibeba tita polepole kama mtoto aliyelala, unaligeuza na kulikung'uta. Kabla ya hapo hupaswi kuligusa, na baada ya hapo hupaswi kuchelewa. Midomo ikishafunguka, hata upepo ni mwizi.

Yangu yalikwisha kufunguka. Nilipaswa kukung'uta awamu ya kwanza Jumatatu. Lakini Jumatatu ilikuwa siku ya darasa, na Jumanne nilikwenda kusaga unga wa uji wa watoto, zamu yangu. Nikasema Alhamisi. Mkulima yeyote wa huku atakwambia kwamba huo ni ujinga. Sibishani naye.

Jumatano hiyo tulikuwa ukumbini. Binti wa mfugaji alikuwa anasoma sentensi ya tatu ya siku, kidole na mdomo pamoja, jasho likimtoka puani. Jirani yangu mmoja akatokea mlangoni anahema. "Dada, ng'ombe! Ng'ombe wako ndani ya ufuta wako!"

Nikakimbia. Yule binti alinipita njiani, mwepesi, sketi kaishika mkononi. Tulipofika, wanyama walikwisha kutolewa. Baba yake alikuwa amesimama katikati ya shamba, kofia mkononi, fimbo chini. Karibu matita yote yalikuwa yamelala, na ardhi imekuwa nyeupe.

Ufuta uliomwagika kwenye mchanga hauokotwi. Tulijaribu. Nilileta ungo, tukakomba na kupepeta mpaka jua likazama, lakini mchanga wa kwetu na ufuta ni ndugu, hawataki kuachana. Kitinda mimba alilia. Binti wa mfugaji alikomba nasi, na mama yake, na baba yake pia, amepiga magoti na miguu yake mirefu. Tulipata ndoo isiyojaa. Uliobaki tuliwaachia kuku.

Kesho yake asubuhi mwenyekiti alifika nyumbani kwangu na katekista. Niliwapa viti. Mwenyekiti akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri, akaikunjua juu ya goti.

"Pole sana, mwanangu. Nimekurahisishia. Weka sahihi hapa."

Nikasoma. Iliandikwa kwa mwandiko wake ule ule wa ubaoni, herufi zimesimama kama askari. Mimi niliyedhuriwa naiomba kamati iwasimamishe watoto wote wa wafugaji. Ilikuwa imebaki sehemu yangu tu.

"Wote?" nikauliza. "Walioingia shambani ni ng'ombe wa mtu mmoja."

"Ng'ombe hawana kitambulisho. Leo wa huyu, kesho wa yule. Mwaka juzi mbaazi zangu ziliisha na hakukamatwa mtu. Safari hii tumewakamata mchana kweupe. Wakulima wenzako wote wako nyuma yako."

"Kama wako nyuma yangu, mbona jana nilipepeta na Wamang'ati peke yao?"

Katekista akaangalia chini. Nadhani alificha kicheko, au aibu.

"Usilete maneno ya utoto," mwenyekiti akasema. "Una wadogo zako wa kulisha. Sahihi yako inawalinda."

"Mwalimu, sahihi hiyo inawatoa watoto darasani. Haiurudishi ufuta wangu kwenye tita hata punje."

Akanibembeleza, akanitisha kidogo, akanibembeleza tena. Mwisho akaiacha karatasi juu ya kiti na kalamu yake nzuri juu yake, akasema kikao ni Jumamosi. Walipoondoka, niliiweka karatasi ndani, chini ya sahani, isipeperushwe. Sikutaka mtu aseme nimeichana kwa hasira. Nilitaka ikae vile vile, nyeupe mahali pa jina langu.

Siku zile mbili sikupumua. Kisimani wanawake walinyamaza nilipofika, halafu mmoja, ambaye ni mtani wangu na ulimi wake hauna mlango, akaiambia ndoo yake, "Wengine wameonjeshwa maziwa, wamesahau ugali wa kwao."

Mwingine akadakia, "Maziwa tu? Kaona mahari ya ng'ombe huyo."

"Nikiolewa huko nitawaita wote," nikasema. "Mje mkamue, maana kwa kunyonya maneno ya watu mmeshafuzu."

Mtani wangu akacheka, akanisaidia kujitwisha. Lakini hakusema yuko upande wangu, na sikumwuliza.

Ijumaa mchana baba wa yule binti akaja. Alisimama uani, hakutaka kukaa.

"Nimekuja kukwambia usiumize kichwa," akasema. "Binti hatakuja tena. Nimemtoa mimi mwenyewe. Hivyo hawatakulazimisha kuandika kitu, na mimi sitaona aibu mbele ya watu."

Kwa mwenyekiti nilikuwa nimejizuia. Kwa huyu sikuweza. "Kwa hiyo nimepoteza ufuta, na sasa unataka nipoteze na mwanafunzi? Nitakuwa nimebaki na nini, baba? Niambie. Nikiulizwa ufuta wako ulikwenda wapi, niseme ulikwenda bure?"

Kuku walikuwa wanachakura kati yetu.

"Alikuwa anasoma," nikasema. "Walipokuja kuniita alikuwa amefika sentensi ya tatu, na zote alizisoma, hakukariri. Uliniambia mpaka krismasi. Krismasi bado."

Akatazama upande wa bwawa. "Nina ng'ombe wa plau," akasema. "Mvua zikianza nitakulimia. Shamba lote. Hili usilikatae."

"Hilo sikatai. Lakini mtoto aje."

"Nitaona."

"Usione. Aje."

Aliondoka bila kusema ndiyo. Kwa hiyo Jumamosi niliingia ukumbini bila kujua kama mtoto ninayemtetea bado ni wa kutetewa.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wakulima walikaa upande wa madhabahu ya zamani, wafugaji karibu na mlango, na katikati palikuwa na nafasi ambayo mtu angeweza kupitisha mkokoteni. Sijawahi kuona nafasi hiyo watoto wanapokuwamo. Mwenyekiti alifungua daftari lake, akasoma kanuni ya kwanza kwa sauti ya darasani. Mdau atakayemdhuru mdau mwenzake. Kisha akaniita mbele niikabidhi karatasi.

Nikaenda nayo, nikaiweka mezani. Akaigeuza, akaitazama chini, kisha akaitazama tena.

"Hujaweka sahihi."

"Siweki."

Pakatokea mnong'ono. Nikageuka niwatazame watu, maana kama nitatukanwa nataka nione mdomo unaotukana.

"Ufuta uliomwagika ni wangu," nikasema. "Haukuwa wa kamati. Binti wa mwenye ng'ombe wale ndiye anayezuia ng'ombe kwenye kona yangu. Siku ile hakuwepo kwenye kona. Alikuwa hapa, kwenye benchi lile, anasoma, na aliyemtoa kwenye kona ni mimi. Nilikwenda kwao mara tatu kumwomba. Na ufuta nilipaswa kuukung'uta Jumatatu, nikachelewa, najua. Sasa nikilalamika, nimlalamikie nani? Nijilalamikie mwenyewe?"

"Basi jisimamishe!" mtu mmoja akapiga kelele kutoka dirishani, na ukumbi mzima ukacheka, mimi nikiwamo.

Mwenyekiti hakucheka. "Hili si jambo lako peke yako. Kamati inaweza kuendelea kwa niaba ya wakulima wote."

Katekista akanyanyuka. Ni mtu ambaye sauti yake huisikii mpaka uwe umekaa safu ya mbele. Akalivuta daftari taratibu, akalifungua ukurasa wa nyuma yake. "Mwalimu," akasema, "hapa pameandikwa malalamiko yatapokelewa kutoka kwa aliyedhuriwa mwenyewe tu."

"Naijua kanuni."

"Ndiyo, mwalimu. Mwandiko ni wako."

Safari hii hawakucheka watu wote. Wengine walikuwa wamekasirika kweli, na sikuwalaumu. Wapo waliolala njaa kwa sababu ya ng'ombe, na mimi sikuwa nimewaletea jibu la mashamba yao. Mama mmoja alisimama akasema wanawe hatawaleta tena hapa kukaa na watoto wa watu wanaolisha mifugo kwenye jasho la wenzao. Akatoka. Wengine kadhaa wakamfuata. Niliyahesabu majina ya watoto wao kichwani, maana nao walikuwa wa kikundi changu, na yaliniuma kama yale ya watoto wa wafugaji. Nilijua kwamba kumng'ang'ania mmoja kumenipotezea hao. Nimekwenda kwao pia, nyumba kwa nyumba. Wawili wamerudi.

Mwenyekiti alifunga daftari. Alichosema baadaye alikisema akiwa anavua miwani, kama mtu anayetaja jambo dogo. "Kamati itaangalia upya sifa za walezi. Haifai watoto wafundishwe na mtu asiye na cheti."

"Angalieni," nikasema. "Jumatatu saa tisa nitakuwa hapa."

Nikatoka haraka, kabla hajalifungua tena daftari lake.

Fomu ya sifa za walezi niliipata baada ya wiki chache. Kwenye nafasi ya elimu nikaandika: kidato cha pili, nikaacha baada ya mama kufariki. Kwenye nafasi ya vyeti nikapiga mstari mrefu kwa rula, usiyumbe. Nikairudisha. Hawajanijibu hadi leo, na hawajamleta mwenye cheti, maana wenye vyeti wako Dar es Salaam wanatafuta kazi.

Mwaka huo tulikula makopa ya muhogo mpaka tukayachukia. Kitinda mimba alijua kuchimba ming'oko, viazi vya porini, kuliko watoto wote wa rika lake, na hakujivunia. Godoro jipya la mdogo wangu wa bweni halikununuliwa. Alirudi likizo, amerefuka, sauti imekuwa nzito, na jambo lenyewe alikuwa amelisikia kwa watu stendi ya Nachingwea kabla hajafika nyumbani. Alingoja tumalize kula.

"Dada, ungesaini tu. Wangesimamishwa mwezi mmoja, mambo yakapoa, wakarudi. Mwezi mmoja ni nini?"

"Mimi nilikosa Jumatatu moja," nikamwambia.

Akainamisha kichwa. Akachukua sahani zote, zangu pia, akaenda kuziosha. Hakusema niko sahihi. Sidhani kama anaamini hivyo, na ana haki, mgongo uliolalia godoro lile bovu ulikuwa wake. Lakini hajaniuliza tena.

Nirudi kwenye ile Jumatatu, baada ya kikao. Nilifungua ukumbi mapema, nikafagia, nikapanga mabenchi. Watoto walikuja wachache. Uji ulikuwa unachemka nje bila maziwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Saa tisa ikafika. Niliita majina. Nilipofika kwa binti wa mfugaji nililiita kama mengine, nikasubiri kama ninavyosubiri kwa mengine, na mtoto mmoja akasema, "Huyo hayupo, dada, baba yake kamkataza." Nikaacha nafasi ile wazi, sikuweka alama yoyote. Tukafungua kitabu. Wakasoma mmoja mmoja, nami nikawa nasahihisha, na macho yangu yalikuwa yanakwenda mlangoni bila ruhusa yangu. Tulikuwa tumefika ukurasa wa nne niliposikia miguu inakimbia nje.

Alisimama mlangoni. Miguu yake ilikuwa na matope ya bwawani mpaka magotini, na mkononi alibeba dumu la maziwa lililofungwa kwa jani la mgomba. Alikuwa anahema kiasi kwamba hakuweza kusema vizuri.

"Baba kawapeleka mapema," akasema. "Tumewanywesha mapema, saa nane, nimetoka shule moja kwa moja. Nimesimama kwenye kona mpaka wakapita wote." Akavuta pumzi, akawatazama wenzake na vitabu vilivyofunguliwa. "Dada, mmeshaanza?"

"Bado," nikasema. "Kaa."

Nikawaambia watoto wafungue ukurasa wa kwanza. Mmoja akanung'unika kwamba tumeshausoma. Nikamwambia afungue ukurasa wa kwanza.